Honda CG125 ya marehemu baba iko vipande kwenye stoo: niifunge, niiuze au niiache?

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Mikindani. Marehemu baba alikuwa bwana shamba Newala na aliacha Honda CG125 ya miaka ya 80, kadi ikiwa kwa jina lake. Mwaka 2012 ilianza kutoa moshi wa bluu. Fundi akafungua injini sehemu ya juu, akahama mji, na haikufungwa tena. Fremu, tenki na magurudumu vimo stoo pamoja na magunia ya salfa ya mikorosho. Vyuma vya injini viko kwenye ndoo na kiroba. Jirani wa bodaboda anatoa shilingi 250,000 kwa vyote, na mdogo wangu anasema tupeleke chuma chakavu. Nina 400,000 mkononi, nyingine itapatikana baada ya minada ya korosho. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole kwa kuondokewa na mzee. Nianze na la haraka: kwa sasa usipokee hiyo 250,000, na usinunue hata nati. Kiroba ambacho hakijamwagwa kina bei moja tu, ya chakavu, kwa sababu mnunuzi hajui kilichomo na mwenye mali naye hajui. Jirani yako anakisia, na kila mnunuzi hukisia kwa kujilinda yeye. Siku mbili za kumwaga, kupanga na kupima zitakupa jibu ambalo hakuna fundi wa Mtwara mjini wala wa Masasi awezaye kukupa akiwa amesimama mlangoni mwa stoo.

Una bahati ya aina ya pikipiki. Honda walianza kuitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 wakizilenga nchi kama zetu, ambako barabara ni vumbi na oili hubadilishwa ikikumbukwa. Kamshafti yake imekaa chini na inasukuma valvu kwa fito mbili, zile pushirodi, kwa hiyo haina cheni ya taimingi ya kulegea. Viwanda vya China viliichukua injini hiyohiyo na kuizalisha kwa wingi mno. Ndiyo iliyomo kwenye pikipiki nyingi za SanLG na ndugu zake. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya spea za injini ya mzee zinaning'inia leo kwenye maduka ya spea za bodaboda, Mtwara na Lindi. Mwenye pikipiki nyingine ya umri huo angeagiza nje na kungoja.

Karatasi kabla ya spana

Hapa ndipo pa kuanzia kwa kuwa hapahitaji chuma chochote, na pakikataa, mpango wote unabadilika. Kadi ikiwa kwa jina la marehemu, wewe huna mamlaka ya kuuza wala kuhamisha umiliki mpaka kuwe na msimamizi wa mirathi. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari unaomtaja msimamizi, kisha mpeleke maombi Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Barua ya usimamizi ikitoka, ndiyo mtakayokwenda nayo TRA. Kama kadi ni ya namba za zamani zile zilizoanza na TZ, ulizia hukohuko utaratibu wa kuingia kwenye namba za sasa, na uulize kama kuna deni linalosubiri.

Kisha linganisha namba za kadi na za chuma. Ya fremu imegongwa shingoni, pale usukani unapozungukia. Ya injini imegongwa kwenye kesi ya injini, lile ganda la chini linalobeba krenki. Safisha kwa mswaki laini na mafuta ya taa, acha pakauke, sugua chaki juu yake, halafu pangusa kwa kitambaa. Chaki hubaki ndani ya mikwaruzo ya tarakimu na namba inasomeka vizuri, hata ile iliyokuwa imejificha chini ya kutu nyepesi. Usipitishe msasa hapo, na usimruhusu mtu mwenye gurainda kusogea. Namba ikishakwaruzwa, hata kama pikipiki ni yenu tangu siku ya kwanza, mkaguzi ataiona kama iliyofutwa makusudi, na kumthibitishia vinginevyo ni kazi ngumu.

Mwaga kila kitu juu ya turubai

Chagua siku kavu, tandika turubai kivulini, mwaga ndoo na kiroba. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha panga kwa mafungu: vya injini juu, vya injini chini, vya mbele, vya nyuma, vya umeme. Piga picha kila fungu. Nati na bolti ziingie kwenye makopo ya maziwa yenye karatasi ya jina, kwa sababu bolti mbili zinazofanana zikipishana milimita tano kwa urefu, ile ndefu hupasua kifuniko cha alumini.

Kwa sehemu ya juu ya injini unatafuta hivi: silinda hedi na kifuniko chake, rokaam mbili (vile vikono vinavyobonyeza valvu) na kishikio chake, pushirodi mbili, bloku yenyewe (silinda), pistoni na pini yake, nati za hedi, zile pini fupi tupu katikati zinazoweka bloku na hedi mahali pake, shingo ya kabureta na kile kipande cheusi cha kuzuia joto, na kabureta. Viringisha pushirodi juu ya kioo. Ikipepesuka, imepinda. Gasketi, sili za oili, saklipu za pini na ringi usizihesabu hata ukizikuta, maana zote zitakuwa mpya.

Vinavyoumiza vikikosekana ni vile ambavyo mchina hakuviiga sawasawa: tenki, vifuniko vya pembeni, bakuli la taa ya mbele, mita, kile kifuniko kamili cha cheni, na bodi ya kabureta ya asili. Ukivikuta vyote vipo, hata vikiwa na mbonyeo, mali yako imepanda. Ukikuta tenki na vifuniko havipo, sahau habari ya kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani.

Jambo moja dogo linaloharibu injini nyingi za Kijapani kwenye gereji zetu: skrubu za msalaba za vifuniko vya injini si za msalaba wa kawaida. Zina kina chake, na nyingi zina kidoti kidogo kichwani. Bisibisi ya dukani inapanda juu na kula kichwa. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo yenye ncha inayokaa imara, loweka usiku kucha kwa mchanganyiko wa dizeli na ile oili nyekundu ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, halafu gonga kwanza, zungusha baadaye. Kwa pwani ya Mikindani, chumvi huotesha unga mweupe kati ya chuma na alumini, na unga huo ndio unaoshika. Ukilazimisha, kinachokatika ni bolti, na kutoa kisiki ndani ya alumini ni kazi ya mashine.

Kipimo kinachoamua: krenki

Injini yenu imekaa wazi zaidi ya miaka kumi, konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki) imesimama mdomoni mwa kesi, na hewa ya bahari imekuwa ikiingia. Bloku iliyokwaruzika ni tatizo la fedha kidogo. Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikiwa imeoza ni jambo jingine, kwa hiyo hapa usiwe na haraka.

Kwanza mtu yeyote asipige kiki. Bila bloku, konrodi haina kinachoiongoza. Itaangukia ukingo wa kesi na kuumega, na kesi hiyo ndiyo iliyobeba namba. Mulika tochi ndani. Kutu ya rangi ya chai juu ya matumbo ya krenki si msiba, ila vishimo vya kutu kwenye shingo ya konrodi kule chini ni dalili mbaya. Mimina mchanganyiko wa oili ya injini na dizeli, kiasi cha nusu kikombe, uelekee kwenye beringi ya chini ya konrodi, acha mpaka kesho yake. Siku ya pili fungua kifuniko cha magneti, weka spana kwenye nati yake, shika konrodi kwa mkono mwingine ibaki katikati, zungusha polepole. Sikiliza na uhisi. Mzunguko mzito lakini laini unakubalika. Mzunguko wenye mchanga, au unaokwama mahali palepale kila duru, unasema beringi zimeliwa na kutu.

Halafu ilete konrodi juu kabisa, ishike kwa vidole viwili, ivute na kuisukuma wima, juu na chini. Isicheze hata kidogo. Kucheza upande kwa upande kidogo ni kawaida yake, na mafundi wengi huwatisha wenye pikipiki kwa mchezo huo wa upande ambao hauna kosa. Mchezo wa wima, hata ule wa kusikika tu kama "tik", unamaanisha beringi ya chini imekwisha, na ukifunga bloku mpya juu yake utakuwa na injini inayogonga.

Bloku sasa. Pitisha ukucha ndani. Pakiwa na pete ya kutu lakini ukucha haukwami, huenda ikapona kwa kusuguliwa tu. Ukucha ukikwama, ni ya kuchonga. Chukua ringi ya juu, iingize ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ishuke kama sentimita mbili na nusu ikiwa imenyooka, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia mianya. Mpya huwa kati ya milimita 0.15 na 0.35. Ukipita 0.5, imechoka. Ule moshi wa bluu wa 2012 ulitoka ama hapo ama kwenye gaidi za valvu (vibomba ambamo valvu hupanda na kushuka), kwa hiyo tikisa kila valvu ikiwa imefunguka kidogo: ikiyumba wazi, gaidi ni za kubadilisha. Ligeuze hedi, jaza mafuta ya taa kwenye tundu la kuingizia na la kutolea, subiri dakika tano. Yakivuja kuingia upande wa moto, valvu zinahitaji kusagwa upya kwa ile dawa ya kusagia.

Saizi ya kiwandani ya bloku ni milimita 56.5. Ovasaizi zinapanda kwa robo milimita: 56.75, 57, 57.25, 57.5. Nunua pistoni kwanza, ndipo bloku ipelekwe mashine, fundi apime ile pistoni yenyewe mkononi. Kuchonga halafu kutafuta pistoni ni kuomba saizi uliyoikosa.

Salfa

Hili nimelitenga kwa sababu watu wa Mtwara na Lindi hulipata kuliko wengine. Salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ikikaa chumba kimoja na pikipiki, huishambulia shaba, na unyevu wa pwani huisaidia. Kwa nje waya utaonekana mzima. Kata ganda sentimita moja mwishoni mwa waya wowote. Shaba ikiwa ya kung'aa kama senti mpya, umesalimika. Ikiwa nyeusi, jaribu kuilehemu: lehemu itateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Waya wa hivyo haupitishi umeme vizuri hata ukifungwa upya, na fundi atakuuzia koili, plagi na batri akitafuta tatizo lililomo ndani ya ganda. Badili waya zote kwa mkupuo. Angalia vilevile bushi za shaba na ncha za platini, ile swichi ndogo inayotoa cheche ya plagi. Na leo hii, kabla ya mengine yote, ihamishe pikipiki kutoka kwenye chumba hicho.

Majibu yakishatoka

Namba zikisomeka, zikilingana na kadi, na krenki ikawa nzima, ushauri wangu ni kuifunga, na kuifunga iende, isiwe pambo. CG iliyo hai yenye karatasi safi ina matumizi Mikindani hadi Mtwara mjini kila siku, na siku mkitaka kuuza, mnunuzi ataisikia ikiunguruma.

Karatasi zikiwa nzuri lakini krenki imekufa, bado si mwisho. Namba ya injini iko kwenye kesi, na kesi ikiwa nzima inaweza kupokea krenki ya injini ya Kichina. Sharti ni kwamba krenki, magneti na koili zake zinunuliwe kama seti, maana ile ncha ya krenki inayopokea magneti si lazima ifanane na ya zamani. Kuweka injini nzima nyingine ni rahisi kwa fundi lakini kunabadili namba, na badiliko hilo lazima lifike TRA, lisipofika mnajitengenezea pikipiki isiyolingana na kadi yake. Mimi ningebaki na kesi ya mzee.

Namba zikikataa, au kadi ikakwama kabisa, usitie senti. Hapo uza vipande kimoja kimoja kwa wenye CG: tenki, hedi, kabureta, mita, rimu. Utapata zaidi ya kilo za chakavu. Fremu yenye namba yenye utata usimuuzie mtu kama fremu ya kuendeshea.

Kuifunga kwa 400,000 bila kukwama tena

Pikipiki hukwama stoo kwa sababu moja kuliko zote: ilifunguliwa yote kwa pamoja, na fedha ya kwanza ikaenda kwenye rangi na siti. Rangi inapendeza wiki mbili, kisha injini inahitaji kitu na mfuko ni mtupu. Kwa hiyo iwake kwanza. Mpaka siku itakapowaka, usivuke hiyo 400,000, na ukiona itavuka, simama, subiri fedha ya korosho. Orodha ya spea ukishaijumlisha, ongeza theluthi moja kwa ajili ya ambavyo havijaonekana.

Unaponunua, soma namba ya injini ya bodaboda wanayokwambia "inaingiliana". Ikianza na 156FMI, ni ukoo wa CG125: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa bloku kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni daraja la cc 125. Yenye 162FMJ ni cc 150, bloku ya milimita 62, na hiyo usiikubali hata ikitolewa bure, kwani ili mdomo wake uingie watachonga kesi ya mzee. Boxer na TVS HLX ni ukoo mwingine kabisa, kamshafti yake iko juu kwenye hedi, kwa hiyo bloku, pistoni na hedi yake havihusiani na yako. Hata kwa 156FMI, nenda dukani na kipande cha zamani mkononi. Linganisha urefu wa bloku, nafasi za studi nne, tundu la pushirodi na pini ya pistoni, ambayo ni milimita 15. Tofauti ya nusu milimita tu kwenye urefu wa pistoni inaweza kugonganisha valvu na kichwa cha pistoni.

Fundi akiifungua upande wa klachi, mwambie asafishe kile kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki. Ndicho chujio la oili la injini hii. Hukusanya tope kama udongo wa mfinyanzi, na anayefunga injini bila kukigusa anairudishia uchafu wa miaka kumi na zaidi. Kama gia ya kamshafti ilitolewa, vidoti viwili, cha gia ya krenki na cha gia ya kamshafti, lazima vitazamane. Kikikosewa jino moja, injini itapiga lakini haitashika.

Umeme unahitaji uamuzi mmoja. CG za zamani ni volti 6 na platini. Kama magneti na koili ni nzima, baki na volti 6 mpaka iwake, gharama yake ni kusafisha platini kwa msasa laini na kuweka mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4. Ukiamua kwenda volti 12, nunua seti: magneti, koili zake, CDI (kisanduku cha cheche kinachochukua nafasi ya platini), rektifaya, koili ya plagi, batri na taa zote pamoja na honi. Kuchanganya nusu ya volti 6 na nusu ya volti 12 kunaunguza taa ndani ya dakika, au kunaua batri taratibu bila mtu kujua sababu.

Tenki liangalie ndani kwa tochi. Kutu ya unga hutoka kwa siki: jaza, tia kipande cha cheni ya zamani, acha siku moja au mbili, tikisa, mwaga, suuza kwa maji ya magadi ili kuua asidi, kausha juani, halafu papo hapo zungusha oili kidogo ndani, la sivyo kutu hurudi jioni hiyohiyo. Tenki lenye tundu lisichomelewe kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni mara kadhaa na kujazwa maji hadi karibu na tundu. Mvuke wa petroli hukaa ndani miaka, na tenki tupu chini ya moto ni bomu. Simama mwenyewe uhakikishe.

Breki shu zibadilishwe hata zikionekana nene. Gundi inayoshika kitambaa cha breki hufa kwa kukaa. Kitambaa kikibanduka ndani ya ngoma, gurudumu hujifunga mwendoni. Tairi nazo, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikiwa za enzi za mzee, ni za kutupa, hata kama meno yake bado yamesimama.

Siku ya kuwasha, tia lita moja ya oili, 10W-40 au 20W-50 inatosha kwa joto letu. Leta pistoni juu kwenye mgandamizo, alama ya T ya magneti ikitazamana na ya kesi, weka mwanya wa valvu zote mbili milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Ondoa plagi, piga kiki taratibu mara thelathini mpaka rokaam ziwe zimelowa oili. Plagi iwe D8EA, mwanya 0.6 hadi 0.7. Usitumie tenki siku hiyo, ning'iniza chupa ndogo ya petroli na mpira, uone injini bila uchafu wa tenki kukuchanganya. Ikiwaka kwa choki tu na kuzima ukiiondoa, jeti ndogo ya kabureta imeziba. Izibue kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba, si kwa sindano, kwa sababu sindano hupanua tundu na pikipiki itakula mafuta milele. Ikipanda mwendo yenyewe na kuchelewa kushuka, hewa inaingia kwenye shingo ya kabureta. Moshi mweupe-bluu dakika za kwanza ni oili uliyopaka wakati wa kufunga. Ukiendelea baada ya robo saa ya moto, rudi kwenye ringi na gaidi. Oili hiyo ya kwanza imwage baada ya kilomita mia moja hivi.

Ikiwaka na kutembea wiki kadhaa, ndipo ifunguliwe kwa rangi, kila boliti ikijulikana kwao.

Ukiamua kungoja

Kungoja ni uamuzi halali, mradi usiwe wa kuisahau. Paka bloku oili ndani, ziba matundu ya hedi na mdomo wa kesi kwa kitambaa safi chenye oili, inua fremu juu ya matofali na mbao, funika kwa shuka au turubai lenye nafasi ya hewa. Usiifunge nailoni moja kwa moja, itatoa jasho ndani na kuoza kabla ya masika kuisha. Upande wa nyumba unaopokea upepo wa kusi kutoka baharini usiufikirie. Kila mwezi zungusha krenki nusu duru kwa spana.

Kuhusu jirani

Ukimaliza turubai na bado moyo wako uko kwenye kuuza, uza vyote kwa pamoja, na picha za mafungu yote, na orodha ya kilichopo na kisichopo. Mwite jirani aje kuona, mwambie matokeo ya krenki kama yalivyo, kisha msikie anasema ngapi. Kama namba zinalingana na hakuna kikubwa kilichokosekana, na bado anang'ang'ania 250,000, mwache aende. Mkikubaliana, msimamizi wa mirathi ndiye anayesaini mkataba, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na shahidi wa kila upande, ukitaja namba ya fremu, namba ya injini, bei na tarehe. Kadi halisi isitoke mikononi mwenu mpaka siku mnayokwenda pamoja TRA kuhamisha jina. Pikipiki ikiuzwa kwa kupeana mikono, ikafungwa, ikagonga mtu Mnazi Mmoja, jina litakalosomwa ni la mzee.